Tippu Tip: maisha yake na utawala wake katika inchi yetu

Katika darasa la historia tunajifunza habari za wafalme wa mbali: Karolo Mkuu kati ya Wafranki, Harsha katika Bara Hindi, Luis Mtakatifu katika Ufaransa. Hao wote walizaliwa katika nyumba za watawala, wakakuta kiti tayari. Lakini katika inchi yetu alitawala mtu mmoja ambaye hakukuta kiti cho chote. Alikuja na mali ya mkopo na bunduki, akajipatia ufalme kati ya Watetela, akaweka watu wake toka Kasongo hata Maporomoko ya Stanley, pale ulipo mji wa Kisangani. Mtu huyo ni Tippu Tip.

Wengi wanalijua jina hilo, lakini hawajui zaidi ya maneno mawili: alikuwa Mwarabu, alikuwa mchuuzi wa watumwa. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Hayaelezi ginsi mtu mmoja alivyoweza kutawala inchi kubwa namna hii, wala sababu gani utawala wake ulivunjika upesi. Tena hayatujibu sisi wakristu swali moja: lugha hii ya Kiswahili, tunayosalia na kufundishia katekisimu, ililetwa huku na misafara yake na ya wenzake. Tufanye nini na urithi wa namna hii? Tuone kwanza habari zenyewe.

I. Mwana wa wachuuzi

Jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Alizaliwa Unguja karibu na mwaka wa 1837. Jamaa yake ilitoka Omani, lakini damu yao ilikuwa imekwisha changanyika na ya Waafrika, naye mwenyewe alikuwa na ngozi nyeusi. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa bara. Alikaa Unyanyembe, upande wa Tabora, akamwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Hamed aliona jambo hilo tangu ujana wake, wala hakulisahau: huko bara mali peke yake haimfikishi mgeni mbali. Kwanza lazima awe ndugu wa wakubwa wa inchi.

Alipofika umri wa miaka kumi na minane hivi alianza safari za bara pamoja na baba yake. Baadaye alitaka kusafiri kwa nafsi yake. Lakini msafara unadai vitambaa, shanga, bunduki, baruti na mamia ya wapagazi. Kijana atapata wapi vitu hivyo? Alikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja. Aliyemkopesha zaidi ni Taria Topan, Mhindi mwenye mali nyingi sana katika mji ule. Mkopo ulirudishwa kwa pembe za tembo. Pembe hizo ziliuzwa Bara Hindi, Ulaya na Marekani, zikafanywa bangili, vitana, vibonyezo vya piano na mipira ya mchezo wa biliadi.

Ni vizuri kulielewa jambo hili, kwa maana ndilo chanzo cha mengine yote. Mtu mwenye deni hawezi kurudi mikono mitupu. Pembe zikiisha hapa, lazima aende mbele, na mbele tena. Na pembe hazina miguu: ni lazima ziende kichwani au begani mwa mtu. Basi deni la Unguja lilisukuma misafara hata ikafika katika misitu yetu, na misafara ilidai watu wa kubeba.

II. Vita ya Nsama

Mwaka wa 1867 Hamed alifika kwa Nsama, mtawala wa Itabwa, kati ya ziwa Tanganika na ziwa Mweru. Nsama alikuwa amewashinda wafanyabiashara wengine zamani, akaogopwa kila pahali. Alimpokea Hamed kwa maneno mazuri, kiisha watu wake wakampiga mishale. Hamed alijeruhiwa, lakini bunduki zake zilishinda. Nsama akakimbia, na ghala zake za pembe na shaba zikachukuliwa. Mwaka ule ule David Livingstone alipita katika inchi hiyo, akakutana na Hamed, akapata msaada kwake.

Toka siku hizo jina la Tippu Tip likaenea. Wengine walisema limetokana na macho yake, kwa kuwa alikuwa akipepesa kope. Yeye mwenyewe alieleza kwamba ni sauti ya bunduki zake zilivyosikika masikioni mwa wenyeji: tip, tip, tip. Watu walimpa na jina jingine, Mkangwanzara, maana yake mtu asiyeogopa kitu ila njaa tu. Majina hayo mawili yanaonyesha mambo mawili ya utawala wake: bunduki na njaa.

III. Mjukuu wa Kasongo Rushie

Karibu na mwaka wa 1870 alianza safari kubwa kuliko zote. Hakurudi Unguja ila mwaka wa 1882. Katika safari hiyo alipita inchi ya Waluba, akafika karibu na inchi ya Watetela, ambayo Wangwana waliiita Utetera. Mfalme wa huko, Kasongo Rushie, alikuwa mzee sana, naye alikuwa na pembe nyingi.

Njiani Tippu Tip alisikia habari ya kale. Zamani mfalme mmoja wa Waluba alipiga vita na Utetera, akachukua mateka dada wawili wa Kasongo Rushie. Hawakurudi tena, na mzee huyo hakuacha kuwasikitikia. Tippu Tip akaishika habari hiyo, akaifanya silaha. Alitangulia kuwapasha watu habari kwamba mama wa mama yake ni mmoja wa wale dada wawili: alichukuliwa mateka, akaolewa na babu yake Mwarabu, akamzaa mama yake. Basi yeye si mgeni. Yeye ni mjukuu anayerudi nyumbani.

Mzee akaamini, akafurahi sana. Akampokea kama mtoto wa dada yake aliyepotea, akampa ufalme wake, akawaamuru watu wote wapeleke kwake pembe na mashauri. Ndivyo mwana wa Unguja alivyopata kuwa mfalme katika Kongo: kwa nasaba aliyoitunga. Katika kitabu cha maisha yake alichokiandika katika uzee, yeye mwenyewe anasimulia habari hii bila haya, kama mtu anayesimulia biashara iliyomfaa.

Tusipite upesi hapa. Uongo huu ulishika kwa sababu uliingia katika kidonda cha kweli. Kasongo Rushie alikuwa ndugu aliyenyang'anywa dada zake na vita ya utumwa. Alikuwa tayari kutoa vyote alivyokuwa navyo ili mtoto mmoja wa dada hao arudi. Na mtu aliyefaidika na huzuni hiyo alikuwa mwenye misafara ambayo, katika miaka iliyofuata, iliwatenga dada na kaka zao katika vijiji visivyohesabika.

IV. Kasongo, na ginsi utawala ulivyofanya kazi

Mwezi wa Agosti 1874 Mwingereza Cameron alikutana naye Nyangwe. Kiisha Tippu Tip alikwenda kukaa Kasongo katika Manyema, pahali alipokuwa ndugu yake Muhammed bin Said, aliyeitwa Bwana Nzige. Toka hapo Kasongo pakawa mji mkuu wake.

Utawala wake haukuwa na vitabu vya sheria wala makarani. Ulikuwa kama nyumba yenye nguzo nne.

Nguzo ya kwanza ni pembe. Katika inchi alizozishika, kila pembe ilikuwa mali yake, na wakubwa wa vijiji walipaswa kuipeleka kwake.

Nguzo ya pili ni bunduki na baruti kutoka Unguja.

Nguzo ya tatu ni jamaa na wakubwa wa vita waliotawala kwa jina lake: Sefu mwana wake, Rashid mwana wa Bwana Nzige, na wengine wasio Waarabu kabisa. Aliyejulikana kati ya hao ni Ngongo Lutete. Huyo alichukuliwa mtumwa katika utoto, akapata uhuru kwa ushujaa wake, akawa mkubwa wa vita katika inchi ya mto Lomami, ule unaoingia katika mto mkubwa pale Isangi.

Nguzo ya nne ni watu wenyewe. Mateka walibeba mizigo, walilima mashamba, walijenga miji, na vijana wao walipewa bunduki ili wakateke wengine. Miaka kumi baadaye, mtoto aliyetekwa alikuwa amevaa kanzu, anasema Kiswahili, anajiita mngwana, naye anateka watoto wa kijiji kingine. Huu ndio ubaya mkubwa wa utumwa: haumfungi mtu mikono tu, unamfundisha kufunga wenzake.

Haki inatuamuru kusema na upande wa pili. Katika inchi aliyokwisha kuishika, Tippu Tip alitaka amani, kwa maana vita vya wakubwa wadogo viliharibu biashara. Njia zilifunguliwa. Wangwana walileta mpunga, na hata leo mchele ni chakula cha watu wengi katika Manyema na katika inchi za Kisangani. Askari wa Wabelgia walipoingia Kasongo mwaka wa 1893 walishangaa kuona mashamba mapana na nyumba nzuri. Wageni wa Ulaya waliomjua Tippu Tip walimsifu kwa adabu yake, usafi wake na akili yake. Lakini mashamba hayo yalilimwa na nani? Adabu ya bwana mbele ya mgeni wake haitoi jibu kwa mtumwa aliyeko nyuma ya nyumba.

V. Habari za mto

Mwezi wa Oktoba 1876 Henry Morton Stanley alifika Manyema. Alitaka kuufuata mto Lualaba apate kujua unakwenda wapi, lakini watu wake waliogopa. Alimwahidi Tippu Tip reale 5,000 ili amsindikize na watu wake kwa vituo 60. Walitembea pamoja katika msitu kwa taabu nyingi, ndui ikaua wengi. Mwisho wa Desemba wakaachana, Stanley akashuka na mto, akafika Boma mwezi wa Agosti 1877.

Safari hiyo ilifungua mlango pande mbili. Wazungu walijua sasa kwamba Lualaba na Kongo ni mto mmoja. Wangwana nao walijua kwamba chini ya Maporomoko kuna watu wengi na pembe nyingi. Wote wawili wakaanza kuja, hawa wakipanda, hawa wakishuka.

Mwezi wa Novemba 1883 Stanley alirudi kwa mashua za moshi, akipanda kutoka bahari. Alipopita mdomo wa Aruwimi, pale Basoko, alikuta jambo la kutisha. Kandokando ya mto, katika sehemu hii hii ambayo msafiri wa leo anapita Isangi na Yangambi kabla ya kufika Kisangani, vijiji vilikuwa vimechomwa. Migomba ilikatwa, mitumbwi ilisimamishwa wima ukingoni, watu hawakuonekana. Mbele kidogo alikuta kambi ya watu wenye bunduki karibu 300. Hao walikuwa watu wa Abed bin Salim, mfanyabiashara wa Nyangwe. Ndani ya kambi mlikuwa mateka 2,300, karibu wote wanawake na watoto, wamefungwa kwa minyororo na makongwa. Stanley aliandika kwamba ili kuwapata hao, vijiji 118 viliharibiwa. Tuhesabu wenyewe: kwa kila mateka mmoja aliyefika kambini, wangapi walikufa kwa risasi, kwa maji, kwa njaa mwituni?

Kambi hiyo haikuwa ya Tippu Tip mwenyewe. Lakini ilikuwa ya desturi ile ile, na katika mwaka uliofuata yeye alikuja Maporomoko, akawa mkubwa wa wote hao.

Tuelewe vizuri desturi yenyewe. Si mateka wote waliopelekwa mbali. Mara nyingi Wangwana walishika wanawake na watoto wa kijiji, kiisha wakangoja. Baada ya siku chache wanaume walitoka mwituni, wakaleta pembe, kila mmoja akamkomboa mkewe au mtoto wake. Asiye na pembe alibaki ukingoni akiangalia mtumbwi ukiondoka. Tulishike neno hilo, kukomboa. Tutalirudia.

VI. Mwanamke aliyekimbia

Tarehe 1 Desemba 1883 Stanley aliweka kituo katika kisiwa karibu na Maporomoko, akamwacha Binnie, fundi wa mashini kutoka Skotlandi. Hicho ndicho chanzo cha mji wa Kisangani. Kwa muda wa miaka mitatu bendera ya Serikali ya mfalme Leopold wa Pili na kambi za Wangwana zilikaa jirani, kila mmoja akimwangalia mwenzake.

Mwaka wa 1886 mkubwa wa kituo alikuwa Mwingereza Deane. Siku moja mwanamke mtumwa alimkimbia bwana wake Mwarabu, akaingia kituoni akiomba kinga. Bwana wake alimdai. Deane akakataa kumrudisha. Mwezi wa Agosti vita vikaanza. Askari wa kituo walikuwa wachache, risasi zikaisha. Deane akachoma moto kituo, akakimbia usiku na msaidizi wake Dubois. Dubois akafa maji mtoni. Deane akajificha mwituni mpaka Coquilhat alipokuja na mashua akamkuta. Tippu Tip hakuwako: alikuwa safarini kwenda Unguja.

Mwalimu wa siasa atasema kwamba vita hivyo vilikuwa vya pembe na bendera, na mwanamke alikuwa kisingizio tu. Kwa sehemu ni kweli. Lakini tusimsahau mwanamke mwenyewe. Wakubwa wa pande zote mbili waliandikiana mikataba mingi juu ya utumwa. Yeye hakuandika cho chote. Kwa miguu yake alihukumu utawala mzima, akasema kwamba ni utawala wa kukimbiwa.

VII. Wali wa Bula Matari

Huko Unguja Tippu Tip alikuta mambo yamebadilika. Miaka michache nyuma Sultani Barghash alikuwa amemwomba aishike Manyema kwa jina lake. Sasa Wadachi na Waingereza walikuwa wameigawanya inchi ya pwani, na Barghash akamwambia wazi kwamba hata Unguja yenyewe anaogopa kunyang'anywa, sembuse bara.

Basi mwezi wa Februari 1887 Tippu Tip alifanya mapatano na Stanley. Serikali ya Leopold ilimfanya wali wa Maporomoko, kwa mshahara wa pauni 30 kila mwezi. Yeye aliahidi kupandisha bendera ya Serikali, kukaa na mjumbe Mzungu, na kuzuia kuteka watumwa katika sehemu yake. Biashara yake ya pembe aliachiwa. Waliingia pamoja katika meli, wakazunguka Afrika ya kusini, wakafika Banana mwezi wa Machi, na katikati ya mwaka akarudi Maporomoko. Mtu ambaye watu wake walifukuza bendera mwaka mmoja nyuma, sasa ndiye anayeipandisha.

Kila mmoja alidhani amemshika mwenzake. Leopold alitaka muda wa kukusanya askari. Tippu Tip alitaka kulinda mali yake. Mtu wa kijiji hakuulizwa neno. Naye Stanley alihitaji wapagazi kwa safari ya kumtafuta Emin Pasha. Tippu Tip aliahidi wapagazi 600 kwa kundi la nyuma lililobaki Yambuya juu ya mto Aruwimi. Wakachelewa mwaka mzima, wakaja wachache. Kundi hilo likaangamia kwa njaa na ugonjwa, na mkubwa wake Barttelot akapigwa risasi mwezi wa Julai 1888. Stanley akamshtaki Tippu Tip huko Unguja. Mwaka wa 1890 wali akaondoka Maporomoko kwenda kujitetea, akamwachia Rashid kazi yake. Kesi haikuendelea, lakini hakurudi Kongo tena.

Miaka ile ile Eklezya iliinua sauti yake. Mwezi wa Mei 1888 Papa Leo wa Kumi na Tatu aliwaandikia maaskofu wa Brazili barua ya kuhukumu utumwa, akitaja na biashara ya watu katika Afrika. Mwaka huo Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alizunguka Paris, London na Bruxelles akihubiri habari za vijiji vilivyochomwa. Alikuwa akipata barua za wamisionari wake wa Tanganika, waliokuwa wakiona misafara ikipita mbele ya milango yao.

VIII. Kuanguka

Mwaka wa 1892 vita vilianza kati ya Serikali na Wangwana. Ngongo Lutete, ambaye Sefu alimtegemea kama ngao, aliingia upande wa Serikali pamoja na askari wake wote. Nyangwe ikatekwa tarehe 4 Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili, na mwezi wa Mei Maporomoko. Sefu akauawa mwaka ule ule. Hata mwanzo wa 1894 utawala wote ulikuwa umekwisha.

Sababu gani ulianguka upesi? Bunduki za Serikali zilikuwa bora, ndiyo. Lakini ufalme wenye mizizi hauanguki kwa vita vya miaka miwili. Utawala huu ulikula inchi bila kuipanda: pembe zilipokwisha hapa, ulihama. Nguvu yake ilitoka kwa wakopeshaji wa Unguja, si kwa mapendo ya watu. Wakubwa wake walifungwa naye kwa faida, na faida ilipohamia upande mwingine, nao walihama. Na walio wadogo, ambao ndio wengi, hawakuwa na sababu hata moja ya kuutetea.

Lakini tusiseme kwamba giza liliondoka, mwanga ukaja. Ngongo Lutete, aliyewapa Wabelgia ushindi, alipigwa risasi na Wabelgia hao hao mwezi wa Septemba 1893 baada ya hukumu ya haraka. Pembe zikabadilishwa na mpira. Wanawake walifungwa tena, safari hii kama rehani, mpaka waume wao walete mpira wa kutosha. Mambo hayo yalishuhudiwa mbele ya tume ya uchunguzi ya miaka ya 1904 na 1905, na mwaka wa 1908 Leopold akalazimishwa kuitoa Kongo mikononi mwake. Mtakatifu Agostino alifundisha zamani kwamba ukiondoa haki, ufalme haupitani na kundi la wanyang'anyi ila kwa ukubwa. Watu wa mto wetu walijifunza somo hilo mara mbili katika maisha ya mtu mmoja.

Tippu Tip mwenyewe alizeeka Unguja katika mali na heshima. Huko alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na Mdachi Heinrich Brode akayatangaza katika miaka ya 1902 na 1903. Alikufa mwezi wa Juni 1905.

IX. Neno lililobaki

Utawala ulikwisha, lugha ikabaki. Jina la Kingwana lenyewe linashangaza. Mngwana ni mtu huru, asiye mtumwa. Basi maelfu ya watu waliofungwa walijifunza lugha iitwayo lugha ya watu huru. Wengine huuliza: je, inafaa kumwomba Mungu kwa lugha ya wale waliotuuza?

Tujibu kwanza kwamba lugha haina dhambi. Kilatini, lugha ya Eklezya yetu, ilikuwa lugha ya utawala uliomsulubisha Bwana, na ya masoko ya Roma mlimouzwa watumwa kila siku. Lingala nayo ilipanda mto huu pamoja na askari wa Bula Matari. Lugha ni kama mtumbwi: aliyeuiba anaweza kubebea mateka, na mwenyewe akiupata tena atavulia samaki.

Lakini kuna jibu la pili, zito zaidi. Mwisho wa 1897 Padri Gabriel Grison wa Shirika la Moyo Mtakatifu alianzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli karibu na Maporomoko. Ilikuwa miaka minne tu tangu Rashid kuondoka. Wakristu wa kwanza waliofundishwa kwa Kiswahili katika inchi hizi walisikia kwamba Yesu ndiye Mkombozi. Sisi tulizaliwa na neno hilo kinywani, tunalisema bila kufikiri. Wao walifikiri. Walijua kukomboa ni nini. Ni mwanaume anayetoka mwituni na pembe begani, anashuka ukingoni mbele ya bunduki, anaweka pembe chini, anashika mkono wa mtoto wake, anarudi naye nyumbani. Walijua pia habari ya yule asiyekuwa na pembe. Ndipo mwalimu akawaambia kwamba yuko mmoja ambaye hakutoa pembe wala reale, bali alijitoa mwenyewe, na kwamba aliwakomboa hata wale ambao hakuna ndugu aliyebaki wa kuwakomboa.

Tukumbuke na neno la Bwana kwa mitume wake, alipowaonya wasitawale kama wakubwa wa mataifa wanavyotawala. Katika Kiswahili, mtume na mtumwa ni maneno ya nyumba moja. Yote mawili yametoka katika kutuma. Anayetumwa kwa nguvu ili mwingine apate faida ni mtumwa. Anayekubali kutumwa ili mwingine apate uzima ni mtume. Ndugu zetu wa seminari watapewa siku moja parokia, shule, sanduku la fedha, watu wa kuamuru. Nao wataona jinsi ilivyo rahisi kujiita mwana wa nyumba, kupokewa kwa furaha kama mjukuu wa Kasongo Rushie, kiisha kuanza kuhesabu pembe.

Basi, mtakapofundisha katekisimu katika vijiji vya Isangi, vya Yangambi na vya Basoko, mkifika penye neno Mkombozi, msilipite upesi. Waelezeni watoto kilichotokea ukingoni pale, mwaka wa 1883, na bei aliyotakiwa kila baba. Wataelewa bila shida ni Bwana wa namna gani tunayemtangaza, na ni mabwana wa namna gani hatuna ruhusa ya kuwa.